Upande wa Kibla: Kuthibitisha Ardhi na Mwenyewe Visiwani Lamu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa mfanyabiashara asiyeandika hesabu zake, na mwanafunzi anayetakiwa kuitungia kisa humaliza kwa kumlaumu mwenye mali kwa uzembe wake. Katika visiwa vya Lamu, hata hivyo, methali hiyo inahitaji nyongeza. Huko wapo watu ambao daftari wanalo, tena limetunzwa kwa vizazi vitatu au vinne ndani ya kasha, na bado mali yao imo hatarini. Kilichokosekana si daftari bali msomaji wake.

Na uchukuliwe mfano wa mwanamke mmoja wa mtaa wa Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu. Huyu si mtu mahususi. Ni mfano unaokusanya hali za wengi. Anaishi katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na mama yake, na mama naye aliachiwa na mama yake. Siku moja analetewa barua ya wakili inayomwarifu kwamba kiwanda kilicho nyuma ya nyumba yake, penye kisima, kina mwenyewe mwingine, na kwamba mwenyewe huyo anacho cheti. Bibi anafungua kasha, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, na kuitandaza juu ya mkeka. Ina maandishi ya Kiarabu, muhuri uliofifia, majina ya mashahidi na tarehe ya mwaka wa 1322. Wajukuu wake, ambao wamemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri katika somo la Kiswahili, wanaizunguka na kuitazama. Wapo waliohitimu chuoni wanaoweza kuisoma Kurani kwa tajwidi. Lakini mkono wa mwandishi wa karatasi hii umewashinda. Wanalolijua ni lile waliloambiwa tangu utotoni: hii ndiyo hati ya nyumba.

Mbele ya sheria, karatasi hiyo inatakiwa kujibu maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Swali la kwanza ni: ardhi inayotajwa humu ni ipi? La pili ni: ardhi hiyo ni ya nani? Mtu aweza kuwa na hati halali kabisa ya shamba, lakini akishindwa kuonyesha kwamba shamba la kwenye karatasi ndilo hili linalogombewa, hati hiyo haimfai kitu. Vilevile, aweza kuonyesha mipaka yote kwa kidole, mti kwa mti, na bado akashindwa kuonyesha kwamba yeye ndiye mrithi wa aliyetajwa. Kutambulisha ardhi na kuthibitisha umiliki ni kazi mbili, na katika Lamu zote mbili hupitia katika lugha.

Hati za kale za pwani hazikuwa na ramani wala nambari ya kiwanja. Ardhi ilitambulishwa kwa majirani zake. Mwandishi alizitaja pande nne, yaani kibla, suheli, matlai na magharibi, na katika kila upande akamtaja anayepakana: huku nyumba ya fulani bin fulani, huku njia, huku shamba la wakfu wa msikiti, huku bahari. Maneno haya ya pande si mapambo. Suheli ni kusini, na jina lake ni la nyota ambayo mabaharia huiona upande huo. Matlai ni maawio ya jua. Kibla, kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, ni kaskazini, kwa sababu Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Lamu. Mwislamu wa Senegali akielekea kibla huelekea mashariki. Wa Uingereza huelekea kusini-mashariki. Kwa hiyo mfasiri asiyeijua pwani, ambaye amezoea kusikia kwamba kibla ni mashariki, akiyaandika hayo katika tafsiri yake, huwa amekizungusha kiwanja chote robo ya duara. Mlango unaangukia kwa jirani, kisima kinaangukia njiani, na aliyekuwa mkweli anaonekana mwongo.

Ugumu wa pili ni kwamba jirani hufa. Hati inaposema kwamba upande wa matlai nyumba imepakana na nyumba ya bwana fulani, ilitosha kwa watu wa wakati huo, kwa sababu kila mtu mtaani alimjua bwana huyo. Baada ya miaka mia moja nyumba yake imeuzwa mara tatu, au imeanguka ikawa gofu, au imegawanywa kwa warithi. Mpaka ulioandikwa kwa jina la mtu hudumu kadiri kumbukumbu ya mtaa inavyodumu. Hata njia hubadilishwa majina. Njia kuu ya mji wa Lamu, inayopita kati ya nyumba za mawe, ilijulikana kwa wenyeji kama Usita wa Mui. Siku hizi huitwa Barabara ya Harambee. Hati inayotaja usita na ramani inayotaja barabara huenda zinazungumzia mahali pamoja, lakini ni lazima awepo mtu wa kuapa kwamba ndivyo.

Vipimo navyo vina matatizo yake. Urefu wa kiwanja ulitajwa kwa dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama nusu mita hivi. Mashamba ya minazi yalihesabiwa kwa minazi yenyewe. Aliyeuza aliuza minazi kadhaa, na mnunuzi akaihesabu. Isitoshe, katika mila za pwani mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu hupanda mwembe au mnazi katika ardhi ya mwingine kwa idhini, mti ukawa wake na wanawe, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Sheria ya Kiingereza, kinyume chake, inashikilia kwamba kilichopandwa ardhini ni sehemu ya ardhi. Shahidi anaposema mahakamani kwamba minazi ile ni ya babu yake, huwa amesema jambo moja. Mwenye sheria ya Kiingereza kichwani husikia jambo jingine.

Kisha lipo neno lenyewe linalogombewa na bibi wa Mkomani. Kiwanda, katika nyumba ya Lamu, ni ua wa wazi ulio ndani ya kuta, unaoleta hewa na mwanga. Ni neno lililo katika familia moja na daka, tekani, msana na ndani. Katika Kiswahili cha leo kiwanda ni mahali pa kutengenezea bidhaa kwa mitambo. Tafsiri ya hati inayosema kwamba nyumba imeuzwa pamoja na kiwanda chake yaweza kumfanya msomaji wa mbali atafute mashine. Nalo wikio, chumba kinachovuka juu ya njia na kuziunganisha nyumba mbili, halina mahali katika ramani ya viwanja. Ramani huitazama ardhi kama ngozi iliyotandazwa chini. Nyumba za Lamu zimeshikana, ukuta mmoja hubeba boriti za nyumba mbili, na ghorofa ya juu yaweza kuwa ya mtu asiyemiliki ya chini. Haki hizi zilieleweka kwa sababu maneno yake yalieleweka.

Katika kuandika majina, hati za Kiarabu zilileta tatizo la namna yake. Baadhi ya hati ziliandikwa kwa lugha ya Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili chenye herufi za Kiarabu, na nyingine zilichanganya kanuni za kisheria za Kiarabu na majina ya Kiswahili ya watu na mahali. Alfabeti ya Kiarabu haikuwa na alama ya kila sauti ya Kiswahili. Katika uandishi wa kale herufi moja ya ba iliweza kusimama mahali pa b, p na mb. Dali ikasimama mahali pa d na nd. Ghaini mahali pa gh, g na ng'. Msomaji mwenyeji hakupata shida, kwa kuwa alilijua neno kabla ya kulisoma. Msomaji mgeni hana msaada huo. Jina la Pate lenyewe laweza kusomwa Bate.

Sasa jina hilo lipelekwe kwa karani aliyelisikia kwa sikio lake na kuliandika kwa herufi za Kirumi. Anayeitwa Mwana Esha katika hati moja huwa Mwanaisha katika nyingine, na Aisha katika ya tatu. Hati ya kale humtambulisha mtu kwa ukoo, binti fulani bin fulani, na pengine kwa kabila au mji aliotoka. Kitambulisho cha taifa humtambulisha kwa majina matatu na nambari. Anayedai urithi wa bibi mzaa bibi yake anatakiwa aonyeshe kwamba wote hao ni mnyororo mmoja, ilhali wengi wao walizaliwa bila cheti cha kuzaliwa na kuzikwa bila cheti cha kifo. Hapa ndipo kuthibitisha ardhi kunapogeuka kuwa kumthibitisha mtu. Anayeulizwa shamba lake ni lipi huishia kuulizwa yeye mwenyewe ni nani.

Jambo moja la kuzingatiwa ni kwamba majina hayo mara nyingi ni ya wanawake. Ilikuwa desturi katika nyumba za mawe za Lamu kwamba baba mwenye uwezo humpa binti yake nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Inasemekana mengi ya mawikio yaliongezwa ili nyumba ya binti iungane na ya wazazi wake. Hiba ya namna hiyo iliandikwa na kushuhudiwa. Kwa hiyo hati isiyosomwa si kiwanja tu kinachopotea. Hupotea pia ushahidi kwamba mwanamke wa Lamu alikuwa mwenye nyumba kwa jina lake, katika zama ambazo wengi hudhani hakuwa na kitu.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hati hizi zilikuwa na upungufu wote huo, zilifanyaje kazi? Jibu ni kwamba hazikukusudiwa kufanya kazi peke yake. Katika fikihi ushahidi mkuu ni kauli ya mashahidi waadilifu wanaosimama mbele ya kadhi. Karatasi ilikuwa ukumbusho wa kile walichokishuhudia. Ndiyo maana majina ya mashahidi hayakukosekana, na ndiyo maana mipaka ilitajwa kwa watu walio hai. Hati, mashahidi na mtaa vilikuwa kitu kimoja, na kimoja kikiondolewa viwili vilivyobaki hupungukiwa.

Mfumo uliokuja na Waingereza ulisimama juu ya msingi mwingine. Mwaka wa 1895 Uingereza ilifanya mapatano na Sultani wa Zanzibar ya kuutawala ukanda wa pwani kwa niaba yake. Mwaka wa 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Kila mwenye kudai ardhi katika ukanda huo alitakiwa apeleke dai lake kwa msajili, alithibitishe, na kupewa cheti. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Kazi hiyo ilisitishwa katika miaka ya 1920 kabla ya pwani yote kufikiwa. Nyuma ya fikra hiyo ulikuwepo mwelekeo wa usajili ulioanzia Australia ya Kusini mwaka wa 1858 kwa juhudi za Robert Torrens, ambapo daftari la serikali si ukumbusho wa haki bali ndilo haki yenyewe. Aliyeandikwa anamiliki, asiyeandikwa hamiliki, hata kama makaburi ya wazee wake yamo humo.

Tofauti hii si ndogo. Katika mfumo wa kwanza kunyamaza kwa mwenye ardhi hakukumdhuru, kwa sababu mtaa ulimjua. Katika mfumo wa pili kunyamaza kwake kulimaanisha kwamba ardhi haina mtu. Aliyekuwa na hati ya kadhi ya mwaka wa 1322 wa Hijria, yaani 1904 au 1905 wa Miladia, angeweza kuona kwamba jambo lake limekwisha kuandikwa, na kwamba hana haja ya kwenda kuomba upya kile alicho nacho. Kwa mujibu wa elimu yake hakuwa mzembe. Alikuwa na daftari, ila daftari lilibadilishwa huku yeye akiwa amelala nyumbani kwake.

Waliokuwa bara walipata hasara kubwa zaidi. Watu wa visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu, na Wabajuni kwa jumla, walizoea kuvuka na kulima bara, wakihama kutoka shamba moja hadi jingine kwa kadiri ya mvua na rutuba. Hati hawakuwa nazo, na hawakuzihitaji. Walikuwa na visima, makaburi, misikiti midogo na majina ya mahali. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwafukuza Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara na kuwarudisha visiwani, na wengi hawakurudi tena. Katika miaka ya 1970 serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, na familia zilizotoka sehemu nyingine za Kenya zikagawiwa mashamba na baadaye hati. Wageni hao hawakuwa na kosa. Wengi wao nao walikuwa watu waliokosa ardhi walikotoka. Lakini matokeo yakawa kwamba aliyefika jana akawa na karatasi, na aliyekuwepo juzi akabaki na hadithi.

Sheria ya Kenya inayo njia ya kumsaidia anayeikalia ardhi kwa muda mrefu. Aliyeishi katika ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini, aweza kuiomba mahakama imtambue. Njia hiyo, hata hivyo, haifai dhidi ya ardhi ya serikali. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya bara ya Lamu ilihesabiwa kuwa ya Taji na kisha ya serikali, aliyekaa humo miaka 12 na aliyekaa miaka 120 wako sawa mbele ya kifungu hicho. Mnamo Oktoba 1963, katika barua zilizobadilishana serikali za Kenya na Zanzibar kuhusu mustakabali wa ukanda wa pwani, iliahidiwa kwamba hati za umiliki kamili zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa daima. Ahadi hiyo ilimlinda aliyesajiliwa. Ambaye hakusajiliwa hakuwemo.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi katika karne hii. Mwaka wa 2001 mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na nyumba zilizokuwa zikibomoka zikatafutwa na wanunuzi wa mbali. Machi 2012 ukazinduliwa mradi wa bandari na njia ya uchukuzi ya LAPSSET, na mashamba ya bara mkabala na visiwa yakapata bei ambayo hayakuwahi kuwa nayo. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa umilikishaji wa ardhi ipatayo ekari 500,000, ambayo kwa mujibu wa tangazo lake ilikuwa imegawiwa kampuni na mashirika 22 katika miaka ya 2011 na 2012. Karatasi za ekari nusu milioni zilipatikana katika muda wa miaka miwili, katika wilaya ambamo watu walikuwa wakizisubiri zao tangu uhuru.

Kwa upande mwingine, mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliyohusu madhara ya bandari hiyo. Iliamua kwamba haki za wakazi kwa mazingira safi, utamaduni na habari zilikuwa zimekiukwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi hao hawakuwa na hati ya bahari, wala hakuna aliyewahi kuwa nayo. Walichokileta ni mazoea: mahali pa kutegea, misimu ya pepo, vyombo wanavyovitumia na njia za maji wanazozipita. Ni ushahidi unaofanana na ule wa kisima na kaburi, na safari hii ulisikilizwa.

Ushahidi wa namna hiyo si wa kudharauliwa. Watu wa Shela hufanya ziara katika magofu ya Takwa, katika kisiwa cha Manda, na kuomba dua kwenye kaburi lenye mnara ambalo maandishi yake yana tarehe ya mwaka wa 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Mji huo ulihamwa zamani, na wenyeji wa Shela husimulia kwamba wazee wao walitoka huko. Kuvuka maji mwaka hadi mwaka kwa ajili ya dua si hati ya ardhi. Lakini ni namna ya kusema kwamba mahali hapa hapajasahauliwa na watu wake.

Hata hivyo, haitakuwa insafu kuisifu kumbukumbu ya wazee na kuyanyamazia mapungufu yake. Shahidi aweza kukosea, na aweza kununuliwa. Hati ya kale yaweza kughushiwa, na karatasi iliyofifia humrahisishia kazi mwenye nia mbaya. Zaidi ya hayo, zipo hati zilizonyamaza kwa makusudi. Mashamba ya minazi na nafaka ya pwani yalilimwa na watumwa, na utumwa haukupigwa marufuku katika pwani ya Kenya hadi mwaka wa 1907. Waliochimba visima na kupanda miti hawakuandikwa kama wenye ardhi, wala vizazi vyao havina kasha la kufungua. Anayedai kwamba historia isikilizwe hana budi kukubali isikilizwe yote, hata pale inapomwuliza yeye mwenyewe babu yake aliipataje ardhi hiyo.

Swali hilo la chanzo ndilo linalozidi kuulizwa mahakamani. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba cheti pekee hakimtoshi mwenye nacho ikiwa mzizi wake umetiliwa shaka. Ikiwa ugawaji wa mwanzo haukufuata sheria, cheti kilichozaliwa nao hakilindwi, hata kama mnunuzi wa mwisho alilipa pesa zake kwa nia njema. Uamuzi huo ulihusu ardhi ya ufuoni Mombasa, lakini maana yake inafika hadi Mkomani. Yule mwenye cheti aliyemwandikia bibi barua huenda ni mtu mwaminifu aliyenunua kwa jasho lake. Pamoja na hayo atatakiwa naye aonyeshe jinsi kiwanda chenye kisima kilivyotoka katika mikono ya wenyewe wa kale hadi kufika kwake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mwenye cheti na mwenye hati ya kasha wanaulizwa swali moja.

Lakini bibi hataweza kulijibu ikiwa karatasi yake haijasomwa. Atahitaji mtu anayeujua mkono wa Kiarabu wa pwani, anayejua kwamba ba yaweza kuwa p, kwamba kibla ni kaskazini, kwamba kiwanda ni ua, kwamba 1322 si mwaka wa Miladia na usita si mwingine ila barabara ile ile. Atahitaji mzee wa mtaa wa kutaja nani aliishi upande wa suheli kabla nyumba haijauzwa. Atahitaji Mahakama ya Kadhi, ambayo kwa Katiba ya 2010 husikiliza mambo ya mirathi ya Waislamu, imtaje kuwa mrithi, ndipo aende katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuzungumzia kiwanja. Na vyote hivyo atavihitaji kabla ya siku ya kusikilizwa kwa kesi.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika. Katika vyuo vikuu maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu husomwa hasa kwa ajili ya tenzi na mashairi, na ni vyema iwe hivyo. Lakini mkono ule ule ulioandika tenzi uliandika pia hati za nyumba, hiba, wakfu na mirathi, na makaratasi hayo yamo majumbani hadi leo, yakiliwa na mchwa na chumvi ya bahari. Lahaja za Kiamu, Kipate na Kitikuu husomwa kwa sauti zake, jinsi nchi inavyokuwa nti na njia inavyokuwa ndia. Ni mara chache zinaposomwa kwa majina ya pande, ya mipaka, ya sehemu za nyumba na ya vipande vya ardhi. Tasnifu moja inayokusanya majina ya mahali ya kisiwa kimoja, pamoja na masimulizi ya wazee kuhusu kila jina, yaweza kuwa na faida kwa isimu na kwa haki kwa wakati mmoja. Wala kazi hiyo haingoji. Mzee aliyekuwa akizisoma hati za mtaa akifariki, hati hazifi naye siku hiyo. Hubaki kasha hadi kasha, zikiheshimiwa na kutosomwa, mpaka barua ya wakili inapofika.

Bibi wa Mkomani ameikunja karatasi yake tena, mara nne kama ilivyokuwa, na kuirudisha mahali pake. Wajukuu wametumwa kwenda kuuliza msikitini na makavazini nani angali anaweza kuisoma. Ikiwa atapatikana, kesi itaamuliwa kwa yaliyoandikwa na yaliyoshuhudiwa, na atakayeshindwa atajua ameshindwa kwa nini. Asipopatikana, kiwanda kitapewa aliyeleta karatasi inayosomeka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari bila msomaji, vivyo hivyo.